NMR ya kufuatilia reaksheni: kweli ni anasa?

Kuna hoja naisikia sana kwa wanakemia wenzangu hapa Mwanza, eti kupima spidi ya reaksheni kwa NMR (mashine ya sumaku inayoonyesha haidrojeni za molekuli zilivyokaa) ni anasa, bureti (mrija wa kupimia kimiminika tone kwa tone) na saa vinatosha. Ina uzito wake, ila naona wengi wanaikataa NMR bila kuangalia inakupa nini.

Chukua mafuta ya sangara, yale ya mabaki ya viwandani, unayageuza dizeli kwa methanoli na kostiki (soda kali inayochochea reaksheni). Kawaida unachota sampuli kila baada ya dakika kadhaa, unaua reaksheni kwa asidi, ndo unapima. Sasa hapo kwenye kuua ndo pana shida, maana kostiki bado imo na reaksheni inaendelea mpaka asidi ienee vizuri, na dakika za mwanzo ambapo mambo yanaenda kasi ndo unazikosea zaidi, halafu namba ya spidi utakayoiandika inategemea dakika hizohizo! Mchotaji akichelewa kidogo tu, grafu nzima inapinda na hakuna anayejua kwa nini.

NMR inasoma reaksheni ikiwa inaendelea. Haidrojeni 3 za methili esta (ndiyo dizeli yenyewe) zinatokea karibu na 3.7 ppm (kipimo cha mahali kwenye grafu ya NMR), zile 2 za jirani ya kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili) ziko 2.3 tangu mwanzo hadi mwisho. Eneo la piki (mlima wa kwenye grafu) ya kwanza gawa kwa 3, la pili gawa kwa 2, linganisha, umepata kiasi kilichogeuka bila hata grafu ya kalibresheni.

Wanaopinga nao wana lao. Sumaku kubwa zinataka heliamu ya kimiminika ya kuzipoza, kuifikisha huku ziwani ni mtihani. Mashine za mezani za 60 au 80 MHz (sumaku dhaifu zaidi) haziitaki, ila umeme ukikatika muda mrefu joto la sumaku linayumba na unasubiri itulie upya, tena methanoli inatokea karibu na 3.4 kwa hiyo piki zinabanana.

Zito zaidi ni hili: mafuta na methanoli havichanganyiki, na ndani ya kitubu cha milimita 5 hakuna wa kukoroga, utapima spidi ya mafuta na methanoli kukutana tu, si ya reaksheni. Dawa yake ni pampu, unakoroga chupani nje, mchanganyiko unazunguka kupita kwenye sumaku na kurudi, ila muda wa safari ya bombani lazima uuhesabu.

Kupima asidi ya mafuta kabla hujaanza, baki na bureti. Dakika 5 za mwanzo, mimi bureti siiamini.