Ukiweka Pesa Benki, Wewe Ndiye Mkopeshaji

Fungua taarifa ya akaunti yako ya benki utazame mwisho wa salio. Ukikuta herufi CR, yaani krediti, mambo ni shwari. Ukikuta DR, yaani debiti, umechota kuliko ulichokuwa nacho. Wengi huishia hapo: krediti nzuri, debiti mbaya. Halafu mtu anaingia darasa la uhasibu, anaambiwa pesa taslimu ikiingia inaandikwa debiti, na kichwa kinaanza kumuuma.

Mwalimu hajakosea, wala benki haijakosea. Swali ni daftari la nani. Taarifa unayopewa ni nakala ya ukurasa wako katika daftari la benki. Ukiweka 1,000, benki inaandika mara mbili: kushoto, upande wa debiti, kwamba pesa imeingia kwake; kulia, upande wa krediti, kwamba inadaiwa 1,000 na wewe. Hiyo CR inayokufurahisha ni benki kukiri deni. Wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiandika hivyo kabla Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, hajaueleza utaratibu huo kitabuni mwaka 1494. (Wapo wanaomsifu kwa kuubuni, ingawa mwenyewe alisema anafuata desturi ya Venice.)

Jambo hili silioni kuwa la wahasibu tu. Tunaingia benki kwa unyenyekevu wa mwombaji hata siku tunayopeleka pesa. Mkopeshaji huwa anauliza maswali: nitalipwa riba gani, ada hii ya kila mwezi ni ya nini, benki ikifilisika bima ya amana itanifidia hadi kiasi gani? Benki ikikukopesha wewe haioni haya kuuliza, na juu yake inataka dhamana. Hata salio la simu ni vivyo hivyo: umelipa kwanza, wewe ndiye unayeidai kampuni huduma.

Kinachonikera zaidi ni kadi ya krediti. Unafungua programu kwenye simu, unaona "kiasi kinachopatikana: 5,000", kimeandikwa kwa herufi zilezile zinazoandika akiba yako. Humo hamna hata senti yako. Ni deni linalosubiri kuzaliwa. Ukitumia, unaoneshwa "malipo ya chini kabisa", kijisehemu kidogo cha deni, na anayelipa hicho tu anaiachia riba iendelee kula kilichobaki. Kukopa harusi, kulipa matanga. Tofauti ni kwamba harusi hii ina mshereheshaji wa kulipwa. Kadi hiyo inakuwa na pesa yako pale tu unapolipa zaidi ya unachodaiwa, au ukirudisha viatu dukani baada ya kumaliza deni, CR ikatokea pembeni ya salio.

Halafu kuna alama za kukopesheka, namba inayomwambia mkopeshaji akuamini kiasi gani. Marekani, alama za FICO zilizoanza kutumika mwaka 1989 huenda kutoka 300 hadi 850, na historia ya kulipa madeni pekee hubeba takriban asilimia 35 ya alama hizo. Akiba uliyonayo benki haihesabiwi. Kwa hiyo aliyejibana akaishi bila kukopa anaweza kukosa alama kabisa, akaambiwa hajulikani. Nani asiyemjua? Benki imekaa na pesa yake miaka yote hiyo, na kila mwezi inamtumia karatasi inayosema inadaiwa naye.