Samahanini, Free Bird sio wimbo bora kwenye ile albamu

Najua nitatukanwa ila acha niseme. Ikitajwa ile albamu ya kwanza ya Lynyrd Skynyrd, bendi ya rock ya Marekani, ya 1973, kila mtu anakimbilia Free Bird, dakika tisa, solo, makelele, basi, utadhani zile nyimbo saba nyingine ziliwekwa kujaza sahani. Mi kwangu namba moja mle ndani ni Tuesday's Gone.

Kwanza nikiri kitu. Nilianza kuisikiliza na hedifoni iliyokufa upande mmoja. Miezi kama mitatu nasikia nusu ya albamu na sijui, nikawa nasema mbona bendi ya kawaida tu hii, siku nimenunua nyingine (buku tano, nayo haikufika Krismasi) ndo nikashtuka, kumbe kuna gitaa upande wa pili lilikuwa linajibu muda wote!

Toka hapo nikaanza kuwafatilia. Hawa ni vijana wa Jacksonville, Florida, jina la bendi wamelitoa kwa mwalimu wao wa michezo, Leonard Skinner, aliyekuwa anawasumbua shuleni kwa nywele ndefu, wakalipinda spelingi mpaka ikabidi jina la albamu lenyewe liwe maelekezo ya namna ya kulitamka. Mazoezi walikuwa wanafanya kwenye kibanda porini huko Green Cove Springs, joto lake sasa, wenyewe wakakiita Hell House, yaani nyumba ya jehanamu. Humo wimbo unarudiwa na kurudiwa mpaka solo nayo inakaririwa. Kwahiyo mtu akiniambia southern rock, yaani hii rock ya kusini mwa Marekani, ni walevi wanakoroga magitaa namuangalia tu.

Halafu kuna wanaosifia "magitaa matatu" ya hii albamu. Wapi bana. Leon Wilkeson, mpiga besi, alijitoa kabla ya kurekodi, ndo Ed King akaletwa akashika besi kwenye nyimbo nyingi, Leon aliporudi ndo Ed akahamia kwenye gitaa. Unayoyasikia humu sanasana ni Gary Rossington na Allen Collins.

Sasa Tuesday's Gone. Ni dakika saba na nusu za mtu yuko kwenye treni anaondoka, hajui anaenda wapi. Ronnie Van Zant hapandishi sauti hata kidogo, anaimba kama anaongea na kioo cha dirisha. Chini yake kuna kitu kama mazeze mengi yanapita taratibu, ile ni melotroni (kinanda kinachotoa sauti za vyombo zilizorekodiwa), anaipiga prodyuza wao Al Kooper. Halafu katikati magitaa yanakaa pembeni, piano ya Billy Powell inaingia. Huyu Billy alikuwa anawabebea vyombo! Walimsikia siku moja anaipiga Free Bird kwenye piano wakabaki wanashangaa, akaingizwa bendi. Mle anapiga kama mtu anayejua amepewa nafasi moja tu, hana haraka, hajionyeshi.

Free Bird siichukii jamani. Ila sisi tuliokulia kwenye rumba ule mtindo tunaujua, mtu analalamika mapenzi taratibu weee, halafu sebene linafunguka, tofauti yetu sisi tunanyanyuka kucheza, wao wanatikisa vichwa. Na nadhani wengi hawausikii wimbo, wanausikia msiba. Tarehe 20 Oktoba 1977 ndege yao ilianguka Mississippi, Ronnie akafa na miaka 29, na mpiga gitaa wao Steve Gaines na dada yake Cassie aliyekuwa mwitikiaji, tangu hapo wimbo ukawa wa maombolezo. Lakini 1973 hakuna aliyekuwa anaomboleza bendi hii, ulikuwa tu wimbo wa mwisho upande wa pili wa sahani.

Simple Man sina neno, kila mtu ana mama yake. Poison Whiskey huwa naruka. Things Goin' On ndo inaonewa kweli, vijana wa Kusini wanalalamika hela zinatumika mwezini na watu wanafia ng'ambo huku masikini wapo palepale, mbona hiyo hamuipostigi?

Hapa naandika Tuesday's Gone ndo inaisha, imeingia Gimme Three Steps, jamaa kakutwa anacheza na demu wa watu, kaelekezewa bastola, anaomba apewe hatua tatu tu kuelekea mlangoni. Ngoja nimsikilize akikimbia.