Makapi ya Korona: Gesi au Spiriti?

Anayetoka Muheza kwenda Segera huitambua korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, kwa pua kabla ya macho. Uchachu ule ni wa majani ya mkonge yaliyokwisha kutolewa singa, yaani nyuzi zake. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia mashineni, singa hazifiki hata kilo 5. Kinachobaki ni maji na nyama ya jani, na kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kutupwa. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukaipandisha Tanganyika hadi juu kabisa duniani. Kumbe muda wote huo tuliuza kipande tu cha jani.

Wapo wanaosema makapi hayo yageuzwe ethanoli, yaani spiriti, na kemikali; wengine wanasema yageuzwe gesi ya kuchoma. Tuanze na wa spiriti. Hoja yao si ya mzaha. Jani la mkonge lina sukari, na ndugu zake wa Meksiko ndio wanaotoa tekila. Ethanoli hutiwa kwenye pipa ikasafiri, ikachanganywa na petroli au ikawashwa jikoni badala ya mkaa. Tena baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya dawa ya Glaxo ilitumia hekojenini, kemikali itokanayo na utomvu wa mkonge wa Afrika Mashariki, kutengenezea dawa za kutuliza uvimbe za jamii ya kotisoni. Uchafu wetu uliwahi kufika duka la dawa.

Tatizo ni kwamba sukari rahisi ni sehemu tu ya makapi. Sehemu kubwa ya kile kigumu ni selulosi (sukari iliyoungana kuwa nyuzi ngumu) iliyofungwa na lignini (gundi ya mmea), na hamira haiwezi kuitafuna. Lazima kwanza ilainishwe kwa joto au kemikali, kisha ivunjwe kwa vimeng'enya, yaani protini zinazosaga chakula. Kuvu maarufu kwa kazi hiyo, Trichoderma reesei, aligunduliwa wakati wa vita hiyo hiyo akila mahema ya jeshi la Marekani kwenye Visiwa vya Solomon. Huko alikula bure; kiwandani vimeng'enya vyake hununuliwa. Hata selulosi ikishavunjika, inabaki sukari nyingine iitwayo zailosi, ambayo hamira ya kawaida haiigusi. Halafu makapi yamelowa chapachapa, na kutenga spiriti kidogo kutoka maji mengi ni kuchoma nishati ili upate nishati.

Upande wa gesi, bakteria wanaoozesha makapi na kutoa gesi wanaupenda unyevu huo. Wanataka tangi lisiloingiza hewa, na subira. Hale, kwenye barabara hiyo hiyo ya Muheza na Segera, mwishoni mwa miaka ya 2000 ulijengwa mtambo wa kufua umeme kwa makapi ya mkonge, UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la viwanda, likisaidia. Masalia ya tangini hurudi shambani kama mbolea, na methani, ndiyo gesi yenyewe, inachomwa badala ya kupaa kutoka kwenye madimbwi yanayooza. Ila tusiikuze gesi kupita kiasi: mtambo ule haukufika megawati moja, wakati kituo cha umeme wa maji cha Hale hapo jirani kina megawati 21. Gesi ni ngumu kubeba, na korona ikisimama bakteria wanalala njaa.

Hata hivyo mimi naanza na gesi, kwa sababu korona yenyewe inahitaji umeme, na mteja aliye ukuta mmoja na tangi hahitaji lori. Kemikali zije baadaye, tena zile za bei kubwa. Bagamoyo walianzia upande wa pili: mradi wa SEKAB, kampuni ya Uswidi, wa ethanoli ya miwa kule Razaba ulihitaji ardhi kubwa kwanza, ukakwama. Tanga malighafi imekwisha kurundikana.

Jambo moja tu linanisumbua, nalo si la bakteria. Mkulima mdogo anapeleka majani mazima, anahesabiwa singa. Makapi yakiwa uchafu, hakuna anayeuliza ni ya nani. Yakianza kuwasha taa, mkulima ana haki ya kuyadai kwenye hesabu yake, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya zege la tangi kumwagwa.