Bahari au mto: mama anastaafu, apande meli ipi?

Mama yetu anastaafu ualimu mwaka huu. Sisi wanawe wanne tumechanga fedha ili kwa mara ya kwanza maishani apumzike, apikiwe, atandikiwe kitanda, na asisahihishe daftari la mtu. Tulikubaliana haraka kwamba mapumziko hayo yawe melini. Kikao cha Tabata, nyumbani kwa kaka, kiligawanyika pale tulipofika kwenye swali la meli ipi. Kaka anataka meli kubwa ya baharini inayoondokea Durban. Mdogo wetu wa mwisho anataka meli ndogo ya mtoni, kule Misri, kati ya Luxor na Aswan. Mimi nikapewa kazi ya kupima, na haya ndiyo niliyoyaona.

Nianze na ukubwa, maana mengi yanatokana na hapo. Meli ya kitalii ya baharini iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa mita 365, na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600, mbali na wafanyakazi 2,350. Huo ni mji unaoelea. Meli ya mtoni haiwezi kufika huko hata mwenye nayo akitaka. Barani Ulaya, kwa mfano, meli hupandishwa na kushushwa kwenye vyumba vya maji vyenye milango mikubwa pande zote mbili, na vingi vya vyumba hivyo kati ya mito Rhine na Danube vina upana wa mita 12. Ndiyo maana meli za huko huishia mita 135 kwa urefu na kama mita 11 na nusu kwa upana, na abiria wake hawazidi sana 190. Za Nile ni fupi zaidi, nazo hupita chumba cha maji cha Esna.

Kwa hiyo baharini utakuta mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa maonyesho, uwanja wa watoto na migahawa isiyolala. Mtoni utakuta chumba, sehemu moja ya kulia, sitaha ya juu yenye viti, na nje ya dirisha nchi inapita: mitende, punda, watoto wanapunga mikono. Asubuhi unateremka, na mara nyingi mji au hekalu liko karibu na gati. Bandari za baharini aghalabu ziko mbali na mahali ulipokuja kupaona, na siku nyingine nzima unapita majini bila kuona nchi kavu.

Kaka ana hoja nzito, nami sitaki kuipunguza. Kwa miaka mingi meli za MSC, kampuni ya meli za kitalii, zimekuwa zikianzia Durban kati ya Novemba na Aprili, zikienda Pomene na visiwa vya Msumbiji. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90 ndani ya mwaka. Misri inataka viza. Huko Danube ni tabu zaidi kwa pasipoti yetu: Vienna, Bratislava na Budapest ziko ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, lakini Belgrade, mji mkuu wa Serbia, iko nje, hivyo ukipita Serbia kisha ukarudi unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Watu hulipia safari kwanza, jambo hili wakaligundua baadaye. Tena kaka anataka wajukuu wafuatane na bibi yao, na meli za mtoni kwa kawaida hazina chochote cha kumshughulisha mtoto wa miaka saba. Kwa familia yenye watoto wadogo, kwangu mimi bahari inashinda bila mjadala mrefu.

Kwenye fedha ndipo watu wengi wanapojidanganya. Bei ya baharini inaonekana nafuu, na mara nyingi ni nafuu kweli, ila inakua baada ya kupanda: vinywaji, intaneti, matembezi ya bandarini, na bakshishi ya wafanyakazi inayokatwa kila siku kwa kila kichwa. Bei ya mtoni, hasa Ulaya, inaanza juu kwa sababu matembezi na divai ya chakula cha jioni vimeshajumlishwa humo. Hapo kuna jambo linalotuhusu wengi wa Dar es Salaam: asiyekunywa analipia divai ya wenzake. Na anayesafiri peke yake, kama mama ambaye ni mjane, ajue kwamba kampuni nyingi humtoza ziada kwa kulala peke yake katika chumba cha watu wawili. Ulizia hilo kabla ya kulipa hata shilingi moja. Sisi tumeamua dada afuatane naye.

Lakini kikao hakikukwama kwenye fedha. Kilikwama kwenye hofu. Mama ni mzaliwa wa Bukoba, na tangu Mei 21, 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, hajapanda tena chombo cha majini isipokuwa kivuko cha Kigamboni, akiwa amesimama karibu na mlango. Mdogo wetu alimwambia: mtoni ukingo unauona, hakuna cha kuogopa. Nampenda kwa nia yake, ila hoja hiyo si ya kweli. MV Bukoba yenyewe ilikuwa imebakiza safari fupi tu. Costa Concordia, meli kubwa ya kitalii ya baharini, Januari 13, 2012, ililalia ubavu kando kabisa ya kisiwa cha Giglio nchini Italia, na watu 32 wakafa. Mei 29, 2019, mjini Budapest, katikati ya mji, meli kubwa ya mtoni iliigonga boti ndogo ya watalii, Hableány, usiku wa mvua kubwa. Boti ikazama kwa sekunde chache, na wengi wa waliokuwamo hawakutoka. Ukaribu wa ukingo haumwokoi mtu. Kinachomwokoa ni chombo kisichojazwa kupita kiasi, nahodha asiyecheza, na abiria anayejua jaketi lake liko wapi. Baada ya Concordia, kanuni za kimataifa za meli za baharini zilibadilishwa ili abiria wafanye zoezi la dharura kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Hilo lilimtuliza mama kuliko maneno yote ya ukingo.

Mto unashinda kwa haki kwenye utulivu wa maji. Aliyevuka kwenda Unguja kwa boti wakati wa kusi anajua jinsi mifuko ya kutapikia inavyogawiwa. Meli kubwa huyumba kidogo sana kuliko boti zile, lakini bahari iliyochafuka huisukasuka hata meli kubwa. Mtoni hakuna wimbi la kukulaza kitandani. Shida ya mto ni kina: Oktoba 2018, kipimo cha maji cha Kaub, mji wa Ujerumani kwenye Rhine, kilishuka hadi sentimita 25, na ingawa mkondo wenyewe una kina zaidi ya kipimo hicho, meli zilikwama na abiria wakaendelea kwa mabasi. Nile ya Misri haina mabadiliko makubwa kiasi hicho, kwa sababu Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, ndilo linalopima maji yanayoteremka.

Magoti ya mama ndiyo yanayonitia wasiwasi. Meli za mtoni zina ngazi, na hata zenye lifti mara nyingi haifiki sitaha ya juu. Luxor, meli hufungwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo ili ufike ukingoni unapita ndani ya meli za wenzako, na dirisha uliloligharamia linatazamana na dirisha la jirani. Edfu, kituo cha njiani, kuna gari la farasi hadi hekaluni, lakini ndani ni kutembea, na safari huanza alfajiri kukwepa jua. Kati ya Oktoba na Aprili joto linavumilika. Julai nisingempeleka mzazi wangu.

Nimependekeza Nile, mwezi Novemba, chumba cha sitaha ya kati, na kaka atawapeleka watoto Durban mwakani. Mdogo wetu alifurahi, akamwambia mama kwamba maji atakayoyaona Luxor ni yale yale ya ziwa lake, yametokea Jinja, Uganda. Mama alifundisha jiografia kwa miaka mingi. Akamjibu kwamba sehemu tu ndiyo ya ziwa letu, mengi yanatoka nyanda za juu za Ethiopia, halafu akauliza ile fomu ya viza iko wapi.