Memori kadi za GB feki zinanimaliza
Hivi hawa wanaouza memori kadi wanatuonaje jamani? Nimenunua ya GB 128 kwa bei chee, nachomeka kwenye simu inasoma 128 kabisa, nikajua leo nimeokota dodo, kumbe ndani ni 8 tu, imechezewa isome hivyo, zikishajaa hizo 8 picha mpya unaona majina tu, ukifungua ni kijivu kitupu. Na hata zile orijino nazo, wameandika 100MB/s kwa maandishi makubwaaa, hiyo ni spidi ya kusoma bwana, ya kuandika katafute mwenyewe kwenye kialama kidogo kama sisimizi, ukikuta kimeandikwa V30 ndo inaandika angalau 30MB/s. Mie siku hizi kadi mpya naijaza mafaili mpaka pomoni kwanza, nafungua moja moja nione kama yanafunguka, ndo naweka picha za mwanangu.