Bahati, kadari na konokono wa bonde la mpunga

Hivi karibuni nilikuwa Wete, Pemba, kwa hitima ya jirani wa ami yangu, mkulima wa mpunga aliyefariki kwa saratani ya kibofu. Baada ya dua na kahawa mabishano yakazuka barazani. Ami, tambuu shavuni, akasema siku ya mtu imeshaandikwa na hakuna wa kuifuta. Binamu yangu anayesomea uuguzi akajibu kwamba kilichomuua marehemu ni kichocho cha utotoni. Wakubwa wakamnyamazisha, maana si maneno ya kusema kwenye hitima. Lakini kila mmoja wao alikuwa na wanasayansi upande wake, ingawa Ami hakuwa na habari.

Upande wa Ami wapo Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Mwaka 2015 walilinganisha viungo vya mwili, wakakuta kwamba pale ambapo seli mama, zile zinazozaa seli mpya, hugawanyika mara nyingi ndipo saratani inapozuka zaidi. Idadi ya mgawanyiko peke yake ilieleza kama theluthi mbili ya tofauti iliyopo kati ya kiungo na kiungo. Seli ikijigawa hunakili upya herufi zipatazo bilioni 6 za vinasaba. Wapo wasahihishaji, yaani protini zinazopita nyuma kukagua nakala, na wanafanya kazi ya ajabu, lakini kosa moja moja hupenya. Likiangukia jeni isiyo na kazi kubwa, mwili haujui. Likiangukia jeni za wasahihishaji wenyewe, makosa huanza kuzaana: vipande vya vinasaba hukatika, huhama, hurudiwa mara mbili. Hapo jenomu, yaani vinasaba vyote vya seli kwa jumla, imekosa utulivu, na saratani imepata mlango.

Magazeti mengi yakaandika kwamba theluthi mbili ya saratani zote ni bahati mbaya. Sivyo walivyosema. Kujua kwa nini utumbo mpana huugua zaidi kuliko mfupa si sawa na kujua kwa nini fulani ameugua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliwajibu haraka: mmetilia mkazo saratani adimu, mkaacha za tumbo, za matiti na za mlango wa kizazi. Kwetu hilo si dogo, kwa sababu ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na chanzo chake kinajulikana. Virusi vya HPV hutengeneza protini inayoiharibu p53, mlinzi mkuu wa seli, yule anayesimamisha mgawanyiko vinasaba vinapojeruhiwa. Mlinzi akiondoka, seli yenye majeraha huendelea kuzaana. Ndiyo maana tangu 2018 wasichana wanachanjwa nchini. Mwanamke aliyekosa chanjo hiyo akiugua, kumwambia ni bahati yake ni kumdhulumu.

Kichocho nacho kinanishawishi kwamba mabishano yale ya barazani yamegawanywa vibaya tangu mwanzo. Mtoto huingia mtoni au kwenye maji ya bonde, vijidudu vilivyotoka kwa konokono humpenya ngozi, na minyoo hukaa ndani yake miaka. Mayai yake hunasa kwenye ukuta wa kibofu. Kinga ya mwili huyashambulia kwa kemikali kali ambazo hujeruhi pia vinasaba vya seli za jirani. Seli zinakufa, nyingine zinajigawa kuziba pengo, zinajeruhiwa tena, zinajigawa tena. Yaani kichocho huzidisha majeraha na huzidisha kunakili kwa wakati mmoja. Ni kama mtu anayelazimishwa kucheza kamari kila siku: kete ni za bahati, sawa, lakini aliyemkalisha mezani ana jina. Binamu yangu angesema hivi, asingeonekana mkosefu wa adabu. Tambuu ya Ami, yenye popoo, chokaa na tumbaku, inafanya kitu cha jinsi hiyo mdomoni. Sikumwambia.

Upande wa bahati unapata nguvu zaidi tukija kwenye uzee. Hata anayejilinda na kila kitu, vinasaba vya kila seli yake hupata maelfu kwa maelfu ya majeraha kwa siku, mengi yakitokana na maji na oksijeni ya mwili wenyewe. Tomas Lindahl, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2015, ndiye aliyeonyesha kwamba bila ukarabati wa kudumu uhai usingewezekana. Ukarabati huo nao una gharama. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walieleza habari za panya ambao p53 yao ilikuwa kali kupita kiasi. Karibu hawakupata uvimbe, lakini walizeeka mapema, mifupa ikadhoofika, wakafa kabla ya wenzao. Mlinzi anayezuia kila seli yenye dosari huishia kuzuia na zile za kujenga upya mwili. Kweli, 2007 watafiti wa Hispania waliongeza p53 pamoja na jeni mwenzake, Arf, zote zikifuata ratiba yake ya kawaida, na panya wao wakaishi zaidi, na tembo ana nakala 20 za jeni hiyo bila kuzeeka upesi. Kwa hiyo mizani hiyo kati ya saratani na uzee si ya chuma. Ila wauzaji wa vidonge vya kurudisha ujana kwenye simu zetu hawataji mizani hiyo kabisa: wanasifu kurefusha ncha za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, hawasemi kwamba saratani nyingi huishi kwa kurefusha ncha hizo hizo.

Jioni tukirudi, Ami aliniuliza swali ambalo binamu yangu hakuulizwa. "Mimi na marehemu tumeoga bonde moja, tumekojoa damu mwaka mmoja. Yeye kaondoka, mimi nipo. Huyo konokono wenu alichagua?"

Hakuchagua. Wengi waliougua kichocho hawapati saratani ya kibofu, na kati ya wawili waliojeruhiwa sawa, ni herufi ipi iliyokosewa na kwenye seli ipi, hakuna kipimo ambacho kingewatenganisha walipokuwa watoto. Nilimwambia hivyo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshinda. Kwa swali lile, alikuwa ameshinda.