Bia ya Ujerumani ifuate kwao

Agosti ikiingia, watu wanaojua kwamba nimewahi kuishi Ujerumani huanza kuniuliza namna ya kupata meza Oktoberfest, lile tamasha kubwa la bia la mji wa Munich. Jibu langu huwaudhi: usiende. Mwaka 2024 lita moja pale Munich iliuzwa kati ya euro 13.60 na 15.30, mahema yamefurika, muziki hauruhusu mazungumzo, na bia inayomiminwa ni ya viwanda sita tu vya mji huo. Nchi yenyewe ina viwanda vya bia zaidi ya elfu moja. Vingi ni vidogo, vya ukoo mmoja tangu enzi za mababu, na bia yao haiuzwi mbali na pale inapopikwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba msafiri achague mji kwanza, jina la bia lije baadaye.

Mimi humwelekeza Bamberg, kaskazini mwa Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani. Ni mji wa watu wasiofika laki moja, lakini una viwanda vya bia takriban kumi. Chini kidogo ya kanisa kuu kuna Schlenkerla, baa kongwe ambayo bia yake hutolewa moja kwa moja kwenye pipa la mbao. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi, na kabla hujapiga funda la kwanza pua inanasa harufu ya samaki aliyekaushwa kwa moshi. Harufu hiyo inatoka kwenye shayiri. Nafaka ikishaloweshwa na kuota, kimea chake hukaushwa juu ya moto wa kuni, na moshi unaingia ndani ya punje. Zamani bia nyingi za Ulaya zilikuwa na ladha ya namna hiyo, kwa sababu njia nyingine ya kukausha kimea haikuwa rahisi. Zilipokuja tanuri za hewa moto, moshi ukatoweka karibu kila mahali. Schlenkerla na kiwanda kingine cha Bamberg, Spezial, hawakuacha kuni.

Wageni wengi huonja kidogo, wakakunja uso na kusukuma glasi pembeni. Wenyeji huwaambia wavumilie, wafike glasi ya tatu ndipo waamue. Nakubaliana nao, ila kwa anayeanza ushauri wangu ni kwenda Spezial kwanza, ng'ambo ya mto Regnitz. Kiwanda hicho kipo tangu 1536, na moshi wake ni mwepesi, unakuja mwishoni mwa funda wala haukuvamii. Kati ya bia zote nilizokunywa Ujerumani, hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine.

Kiangazi, usiinywee ndani. Panda kilima cha Stephansberg hadi bustani ya Spezial, ukae kwenye benchi chini ya miti, paa za mji zote zikiwa mbele yako. Bustani za namna hii hazikuanza kama mapambo. Mwaka 1553 watawala wa Bavaria walipiga marufuku kupika bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, kwa kuwa joto liliiharibu na moto wa majiko ulitishia nyumba. Wapishi wakawa wanapika bia ya akiba mwezi Machi, wakaihifadhi katika mapango waliyochimba ardhini na vilimani. Juu ya mapango wakapanda michesnati, miti yenye majani mapana ya kivuli na mizizi isiyozama sana. Pakawa baridi, pakawa na bia, watu wakaanza kukaa hapo hapo.

Wenye mabaa wa Munich walipolalamika kwamba wananyang'anywa wateja, mfalme Maximilian wa Kwanza Joseph akaamua mwaka 1812: wapishi wauze bia juu ya mapango yao, lakini chakula kisizidi mkate. Basi watu wakabeba chakula chao kutoka nyumbani, na desturi hiyo ipo hadi leo. Katika bustani za asili ya Bavaria, ukikaa kwenye meza isiyo na kitambaa, unaruhusiwa kufungua kapu lako ukala, mradi kinywaji umenunua pale. Naona hili ni jambo zuri mno. Familia nzima inaingia, watoto wanacheza kwenye changarawe, bibi anakata jibini, na asiyekunywa pombe anakaa meza hiyo hiyo na juisi yake ya tufaha au bia ya ngano isiyo na kilevi, ambayo Wajerumani wanaipika kwa uangalifu ule ule.

Kwa hiyo ukifika Munich, achana na mahema. Hirschgarten ina viti karibu elfu nane na bado utapata pembe tulivu. Bustani ya Augustiner iliyo karibu na stesheni kuu hutoa bia yake ya Edelstoff kutoka pipa la mbao. Laini, tamu kidogo, na inashuka upesi kuliko unavyotarajia, kwa hiyo kula kwanza.

Köln, mji wa magharibi mwa nchi, ni dunia nyingine. Bia yake, Kölsch, ni nyepesi, ya rangi ya dhahabu, na sheria ya Ulaya inalinda jina lake: haipikwi nje ya mji huo na viunga vyake. Inakuja kwenye glasi nyembamba ya mililita 200, na mhudumu huleta nyingine bila kuombwa, akichora mstari kwenye kikaratasi kilicho chini ya glasi, mpaka ufunike glasi kwa kikaratasi hicho. Wengine huona glasi hiyo ni ya kitoto. Mimi naona ina akili, maana Kölsch ikipoteza ubaridi wake tu, imekufa. Kama nusu saa kwa treni uko Düsseldorf, mji hasimu wa Köln, ambako hupaswi hata kuitaja Kölsch. Hapo agiza Altbier, bia ya mji huo, kwenye baa ya Uerige inayoipika yenyewe; ni ya kahawia na chungu haswa, uinywe umesimama nje barabarani pamoja na watu waliotoka kazini.